Maswali ya Wasomaji: Njia ya Miguu Imeliwa na Maji, Fedha za Umma Tuziombeje?

Barua za safari hii zote zinahusu njia za matembezi vijijini, zile zinazowafikisha watu mtoni, msituni, ufukweni au kileleni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi. Tumezifupisha, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

Njia yetu ina urefu wa kilomita tatu na nusu na imejaa makorongo. Tuliomba fedha "za ukarabati wa njia", tukajibiwa kwamba ombi halina maelezo ya kutosha. Kwani wanataka maelezo gani zaidi ya picha na barua?

Wanataka kujua fedha zao zitanunua nini, wapi, kwa kipimo gani. Maombi mengi hufunguliwa kwa "usipoziba ufa utajenga ukuta". Msemo ni wa kweli, ila anayesoma ombi anataka upana wa ufa.

Ombi huanzia njiani, si mezani. Watu watatu wanatosha: mmoja na gurudumu la kupimia au utepe wa mita 50, wa pili na pima maji, wa tatu na daftari. Anzeni kwenye lango la njia, hapo ndipo mita sifuri, mwende mpaka mwisho mkiandika kila kasoro kwa umbali wake. Maandishi yawe ya namna hii:

"Mita 412 hadi 455. Mwinuko wa njia 11%, mteremko wa kilima 14%. Mfereji katikati ya njia, kina sm 25, upana sm 40. Maji yanaingia mita 408, mtaro wa juu umejaa udongo. Watu wanapita pembeni, njia imepanuka kutoka m 1.5 hadi m 3.2. Picha namba 9 na 10."

Mistari michache hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za masikitiko, kwa sababu ndani yake mna ugonjwa, chanzo chake na athari yake. Tena ina jambo ambalo pengine hata waliopima hawajaligundua: kujaza mfereji huo ni kupoteza fedha. Jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

Mwinuko hupimwa bila mitambo. Chukueni ubao ulionyooka wa mita moja, wekeni pima maji juu yake, inueni ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha pimeni nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 11 ni 11%. Kwa kuwa mita moja hudanganywa na kila jiwe, pimeni sehemu tatu za kipande hicho mtafute wastani. Kwa vipande virefu, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, uliofungwa kwenye fito mbili zilizosimama mita 10 mbalimbali, hutoa kipimo cha kuaminika zaidi.

Miaka miwili iliyopita tulimwaga changarawe, mvua ya kwanza ikaiteremsha yote. Tukiomba tena tutaonekana wabadhirifu?

Mtaonekana hivyo mkiomba changarawe nyingine. Mkiomba fedha za kuyatoa maji njiani, mtaonekana watu waliojifunza.

Karibu kila njia ya udongo iliyoharibika, aliyeiharibu ni maji yaliyoachwa yatembee juu yake. Wanaotembelea huilegeza tu. Kuna kipimo rahisi: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokatiza. Kilima cha 14% kinabeba njia ya 7%. Ikizidi hapo, maji hayaoni tena sababu ya kuivuka njia kuelekea bondeni, kwani njia yenyewe imekuwa mteremko mzuri kuliko kilima. Juu ya kipimo hicho, wastani wa mwinuko wa njia nzima usipite 10%, hata kilima kiwe kikali kiasi gani.

Rudini kwenye kile kipande cha mita 43 chenye mwinuko wa 11%. Kinapanda takriban mita 4.7. Ili kupanda kimo hichohicho kwa 7% mnahitaji njia ya takriban mita 68 inayokata kilima kwa mshazari. Kwa hiyo fedha iombwe kwa ajili ya mita 68 mpya na kufunga mita 43 za zamani. Kufunga nako ni kazi yenye bajeti: udongo ulioshindiliwa unalegezwa, mfereji unakatwa kwa vizuizi vya mawe au magogo, matawi yanalazwa pande zote mbili za kuingilia, mimea ya hapohapo inapandwa. Njia ya zamani ikiachwa wazi, watu wataipita kwa kuwa ni fupi, na maji yatawafuata.

Penye mwinuko wa kawaida, tengenezeni njia ilalie upande wa bondeni kwa 5%. Kwa njia ya upana wa mita 1.5 ukingo wa nje unakuwa chini ya ule wa ndani kwa sentimita 7.5. Mtembeaji hausikii mguuni, lakini maji yanausikia. Baada ya muda nyayo huchimba katikati na ulalo huo hufa, ndiyo maana huwekwa mibonyeo ya kutolea maji: njia inateremka kidogo, inapanda tena kwa mita tatu hadi tano kufikia kimo cha sentimita 30 hivi, na kwenye kitako cha mbonyeo maji yanatoka kuelekea bondeni. Kwa udongo wa tifutifu anzeni na mbonyeo mmoja kila mita 30 penye mwinuko wa 6%, na kila mita 15 penye 10%. Udongo wa kichanga unaotiririka hutaka nafasi fupi zaidi.

Magogo ya kukinga maji ni rahisi kwenye karatasi, ila hatuyapendi. Yakilazwa karibu na pembe mraba kwa njia, maji hupunguza mwendo, hutua udongo, na nafasi ya nyuma ya gogo hujaa. Msimu unaofuata maji yanaruka juu. Waendesha baiskeli nao huzunguka ncha na kuchimba mfereji mpya. Mkilazimika kuyatumia, yalazeni kwa mshazari wa nyuzi 45 hadi 60 na muweke kwenye mpango nani atayazibua na lini.

Mkandarasi ametupa jumla moja tu ya gharama. Tunawezaje kujua kama kiasi cha vifaa ni sahihi?

Kwanza mwambieni aichambue jumla hiyo. Mfuko wa umma haukubali mstari mmoja unaosema "vifaa na kazi". Kisha fanyeni hesabu yenu.

Chukua kipande cha mita 180, upana mita 1.5, tabaka la sentimita 10 likishashindiliwa. Hiyo ni 180 × 1.5 × 0.10, yaani mita za ujazo 27. Lakini kokoto hununuliwa zikiwa huru, na zikishindiliwa hupungua, basi zidisha kwa 1.25: karibu 34. Ongeza 5% ya zinazomwagika na kuzama, unafika 36. Mita moja ya ujazo ya kokoto huru zenye vumbi ina uzito wa takriban tani 1.6, hivyo ni kama tani 58. Mwombaji anayeandika 27 ataishiwa kokoto kabla ya kufika mita ya 145, na mfuko hautamwongezea.

Kisha linakuja swali ambalo wengi hulisahau: kokoto zitafikaje? Lori linaishia barabarani. Toroli hubeba lita 60 hivi, kwa hiyo mita za ujazo 36 ni safari 600 za toroli. Safari moja ikichukua dakika 10 pamoja na kupakia na kumwaga, ni saa 100 za mtu mmoja, hajashindilia hata kipande. Rundo la kokoto likiwa mbali zaidi, saa zinazidi. Andikeni usafirishaji huo wa ndani kama mstari wake kwenye bajeti, iwe ni kwa toroli, kwa punda au kwa trekta dogo. Mara nyingi mstari huo ndio unaokula bajeti, na usipoandikwa unajificha hadi siku kazi inapokwama.

Aina ya kokoto iandikwe kwa maneno kamili: zilizosagwa, zenye kona, za kuanzia vumbi hadi milimita 20. Kokoto za mtoni ni mviringo, zinaviringika chini ya kiatu na hazishikani kamwe. Zilizooshwa nazo hazifai kwa tabaka la juu, kwani vumbi ndilo gundi. Kushindilia kufanywe kwa tabaka zisizozidi sentimita 10 kwa mashine ndogo ya bamba, kokoto zikiwa na unyevu. Finya konzi moja: ikishikana bila kuchuruza maji, iko sawa. Zikishindiliwa kavu hupendeza siku ya kukabidhi, na baada ya wiki chache zinatawanyika.

Penye tope, wekeni kitambaa cha jiotekistaili chini ili kokoto zisizame, vipande vipishane angalau sentimita 50. Kalavati lisiwe na kipenyo chini ya sentimita 30, na mkiweza 45, maana lisiloingia koleo halitazibuliwa na mtu. Lilazwe kwa mteremko wa 2% hadi 5%, likiwa na angalau sentimita 30 za udongo juu yake. Kijito kidogo kisicho na maji ya kudumu pengine hakihitaji kalavati: kivuko cha mawe bapa yaliyopangwa na kuzikwa hakizibi, na bei yake ni ndogo.

Mwishoni mwa bajeti wekeni fungu la dharura la 10% hadi 15%, mkieleza ni la nini, kwa mfano mwamba usioonekana au bei kupanda kati ya kuomba na kupewa. Angalieni kodi imeingia kwenye bei za wauzaji au la. Na tarehe za kotesheni zisiwe zimekwisha muda, kwani nyingi huwa na uhai wa siku 30 hadi 90 huku maamuzi ya fedha yakichukua miezi.

Tupeleke ombi ofisi gani? Kila tunakokwenda tunaambiwa njia si yao.

Kabla ya kutafuta ruzuku, ulizeni kama kuna mamlaka yenye wajibu wa kisheria wa kuitunza njia hiyo. Uingereza, kwa mfano, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inazipa mamlaka za barabara katika England na Wales wajibu wa kutunza njia nyingi za umma za miguu. Mwananchi wa huko anapoona njia imekatika, hatua yake ya kwanza ni taarifa kwa mamlaka, si ombi la fedha. Kinachoombewa ruzuku ni ubora unaozidi wajibu huo.

Pasipo wajibu wa aina hiyo, fedha za njia hukaa katika mifuko isiyo na neno "njia" kwenye jina lake: utalii, usafiri, afya na michezo, hifadhi ya udongo na vyanzo vya maji, au ukarabati baada ya mafuriko. Marekani wana mpango maalumu wa njia za burudani ulioanzishwa 1991, na chimbuko la fedha zake ni kodi ya mafuta yanayochomwa na vyombo vinavyotembea nje ya barabara. Majimbo ndiyo yanayougawa. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi 80% ya mradi, na iliyobaki mwombaji huitafuta mwenyewe.

Njia moja inaweza kuombewa mifuko mitatu kwa maelezo matatu, yote ya kweli. Kwa mfuko wa maji, onyesheni udongo unaoingia kijitoni kutoka mita 412. Kwa mfuko wa utalii, onyesheni idadi ya watembeaji. Kwa mfuko wa afya, onyesheni kipande cha karibu na makazi ambacho wazee na wenye viti vya magurudumu wangekitumia kikisawazishwa. Msiombe gharama ileile mara mbili. Gawanyeni kazi kwa vipande, kila kipande na mfuko wake.

Na maneno yachaguliwe kwa uangalifu. Mifuko mingi hulipia ukarabati, hailipii matengenezo ya kawaida. Kufyeka nyasi na kuzibua mitaro ni matengenezo, mkiyaweka kwenye bajeti yatakatwa. Yawekeni kwenye mpango wa utunzaji mnaoahidi kuugharamia wenyewe: mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, saa ngapi, watu wangapi.

Tunatakiwa kuchangia 20%. Hatuna fedha, tuna watu. Nguvu zao zinahesabika?

Katika mifuko mingi zinahesabika, ila kwa masharti, na hapa ndipo vikundi vizuri huumia. Saa ya mtu wa kujitolea huhesabiwa kwa kiwango cha kazi anayoifanya, si cha cheo chake. Mhandisi akisukuma toroli, anahesabiwa kama kibarua. Akichora kivuko, anahesabiwa kama mhandisi.

Karatasi ya mahudhurio iwe na jina, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, kazi iliyofanyika na kipande kwa mita, saini ya mhusika na ya msimamizi. Isainiwe jioni ileile. Karatasi 40 zilizosainiwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja ndizo mkaguzi anazozitupa kwanza. Saa za vikao kwa kawaida hazikubaliwi.

Jambo la kuuliza mapema ni namna fedha zinavyotoka. Mara nyingi ruzuku ya umma ni kurudishiwa: mnalipa, mnapeleka risiti, mnasubiri. Kikundi kisicho na akiba kinaweza kushinda ombi na bado kishindwe kununua lori la kwanza la kokoto. Ombeni malipo ya awamu, au tafuteni taasisi yenye akaunti nene ikubali kuwa mpokeaji wa ruzuku huku ninyi mkiwa watekelezaji.

Mwenye shamba amekubali kwa mdomo njia ipite kwake. Inatosha?

Haitoshi. Mfuko unataka maandishi yenye ramani, upana wa njia, muda wa makubaliano, na kwamba yatamfunga atakayenunua au kurithi shamba. Muda huo usiwe mfupi kuliko miaka ambayo mfuko unataka njia ibaki wazi kwa umma. Mkihamisha kipande, kama zile mita 68, ridhaa ya zamani haihami nacho. Inatakiwa mpya. Anzeni na hili, kwa sababu haliharakishwi na mtu.

Tunahesabuje watumiaji bila vifaa?

Mtu mmoja, daftari, kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, siku mbili za kazi na siku mbili za mapumziko, katika msimu wa kiangazi na tena wakati wa mvua. Aandike wanaopita kila upande na wanapita kwa usafiri gani: miguu, baiskeli, mnyama. Toeni takwimu kama zilivyo pamoja na namna mlivyohesabu. Kuzidisha Jumamosi moja iliyochangamka kwa siku 365 ni kujiumbua. Vifaa vya miale vinavyohesabu vyenyewe navyo hupunguza idadi watu wanapopita bega kwa bega.

Tuweke mabango na viti kwenye ombi?

Wekeni kwenye fungu la mwisho linaloweza kukatwa bila kuathiri kazi nyingine. Ombi ambalo bango lake lina gharama kuliko mitaro yake linajieleza lenyewe.

Ombi limekubaliwa kwa simu, mkataba bado, na mvua zinakaribia. Tuanze?

Msianze. Gharama iliyoingiwa kabla ya mkataba kusainiwa kwa kawaida hailipwi, na pengine ikaharibu ombi zima. Hata ankara yenye tarehe ya jana yake ina tatizo. Kama kuna hatari ya haraka, mfano ukingo unaobomoka, fungeni kipande kwa kamba na alama kwa fedha zenu, na muuarifu mfuko kwa maandishi.

Muda huo wa kungoja utumieni kupiga picha za "kabla" vizuri. Chomekeni kigingi kila penye kasoro, nje ya eneo la kazi kisije kung'olewa, kiandikwe mita yake. Pigeni picha mkiwa mmesimama kwenye kigingi, kamera kwenye kimo cha kifua, fito yenye alama za kila sentimita 10 ikiwa imesimamishwa ndani ya mfereji. Andikeni mlielekea upande gani. Picha ya "baada" ipigwe kutoka kigingi kilekile, fito ikiwa mahali palepale, na moja zaidi ipigwe mvua ikinyesha, ikionyesha maji yanapotoka njiani.